Chokaa, Fangasi na Zaburi ya 32

Mambo ya Walawi sura ya 14 haihubiriwi kwetu. Wachungaji wa Kilutheri huku Meru wana mengi ya kusema juu ya mwana mpotevu na matoleo ya mavuno, lakini sura ya nyumba yenye pigo huipita kimyakimya, na nawaelewa, maana imejaa ukoma, ndege wa kuchinjwa na damu ya kunyunyiza. Mimi ndiyo ninayoirudia kuliko nyingine zote katika vile vitabu vitano vya Musa. Aliyeiandika aliwahi kukwangua ukuta.

Tazama utaratibu wake. Mwenye nyumba anaona madoa ya kijani au mekundu ukutani. Anakwenda mwenyewe kwa kuhani na kueleza kwamba anahisi kuna pigo nyumbani. Kuhani anaagiza vyombo vitolewe nje kwanza, ndipo anaingia. Anaangalia kama madoa yamekwenda ndani kuliko uso wa ukuta. Anafunga nyumba siku 7. Akirudi akakuta yameenea, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ndani kote kunakwanguliwa, vumbi lake nalo linatupwa hukohuko, kisha yanaingia mawe mengine na lipu nyingine. Pigo likirudi baada ya hapo, nyumba inabomolewa.

Nimepaka rangi Sakina, Kijenge, Moshono na Njiro, nimefanya kazi na mafundi wengi, na wachache sana ningewaweka mbele ya kuhani huyo. Hakuanza kazi makochi yakiwa ndani. Hakuamini macho yake siku ya kwanza. Hakupaka juu ya ugonjwa. Halafu kuna jambo ambalo hakulifanya, nalo nalipenda zaidi: hakumuuliza mwenye nyumba amemkosea nani. Sura nzima haina neno la kumtuhumu. Ukuta unaumwa, basi, ushughulikiwe ukuta.

Na kuta zetu zinaumwa. Masika yanaanza Machi na kufika Mei, halafu zinakuja Juni na Julai, ile baridi ya mawingu ambayo mlima unapotea wiki nzima na nguo hazikauki kambani. Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, ila majivu yake ya zamani ndiyo udongo wetu, na udongo huo unashika maji sana. Nyumba nyingi za zamani, na mpya si chache, hazina nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Maji yanapanda ndani ya tofali polepole, yanabeba chumvi, na yakifika kwenye uso wa lipu yanaruka hewani chumvi inabaki. Ndiyo ule unga mweupe unaoupangusa leo na kesho kutwa upo tena. Rangi inavimba, inapasuka, inabanduka. Nyuma ya kabati, ambako hewa haifiki, fangasi wanaota, na mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa usiku.

Ukitaka kuujua ukuta, ugonge kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Lipu iliyoshika inajibu kwa sauti ya jiwe. Iliyoachia inalia kama debe tupu. Kisha bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, uache mpaka kesho. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, na dawa yake ni kufungua dirisha, tena haiuzwi dukani.

Mwenye nyumba mmoja aliniita nimpakie chumba cha uani. Mpangaji mpya, mama mwenye mtoto mdogo, alikuwa anaingia mwisho wa mwezi na kodi ya miezi sita mkononi. Ukuta mmoja ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno. Nikamwambia: mzee, hapa lipu ishuke, tuchimbe nje tupeleke maji ya paa mbali na msingi, tupige lipu mpya, ikae siku 28 ikauke, ndipo tuzungumze rangi. Akacheka kwa upole.

"Fundi, wewe piga rangi ya mafuta. Ya mafuta haipitishi maji."

Kazi ile niliikataa. Akapatikana mwingine, akapiga rangi ya mafuta, krimu inayong'aa, na ikapendeza kweli.

Ingekuwa mahubiri, ukuta ule ungebanduka wiki ya pili. Haukubanduka. Rangi ilifunga uso wa ndani, unyevu ukatafuta njia ya nje na ya juu, masika yakaja yakapita ukuta umenyamaza. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawasema manabii wa uongo kwamba ni watu wanaopaka chokaa ukuta dhaifu, na anawatishia mvua kubwa, mawe ya barafu na upepo vitakavyouangusha mpaka msingi uonekane. Nampenda Ezekieli. Ila yeye aliitegemea mvua, na mimi nimeona ukuta ukinyamazishwa muda mrefu kuliko mkataba wa pango. Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kwa mwongo asiyejua kazi. Mwenye ufundi huirefusha atakavyo.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, maana nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba kuficha ubovu ni vibaya kwa sababu hatimaye hujulikana. Kama ndivyo, fundi hodari kuliko wote angekuwa ndiye mwenye haki kuliko wote: kwake hakuna kinachojulikana. Haiwezekani. Kosa lazima liwe mahali pengine, na liwepo hata ukuta ukidumu mpaka Kiyama. Wakati huohuo kazi yangu mimi ni kufunika. Sina nyingine. Nikisema kila kufunika ni uongo, basi brashi zote nizitupe mto Themi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, aliyeishi Ngarenaro mpaka Mungu alipomchukua. Tulimwita Ustadhi ingawa hakuwahi kufundisha madrasa. Ni kwa jinsi alivyoongea. Alikuwa na kisa cha Mtume kupita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa. Alipouliza, muuzaji akasema imenyeshewa. Mtume akataka kujua kwa nini basi ile iliyolowa haikuwekwa juu watu waione, na akawakana wanaodanganya wenzao. Ustadhi alikisimulia amekaa juu ya ndoo ya rangi, mkono mmoja ameuzamisha kweli ndani ya mfuko wa jipsamu, na alikuwa akiutoa taratibu, mweupe hadi kiwiko. Alitaka tuelewe kwamba unyevu haukulaumiwa. Mvua ni ya Mungu, na nafaka iliyolowa ina bei yake. Kilicholaumiwa ni mpangilio: kavu juu, mbichi chini.

Lakini Ustadhi huyohuyo alikuwa na hadithi ya pili, kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu mwenzake, naye Mungu atamsitiri duniani na akhera. Nikamuuliza mbona zinagombana. Huku kufunika ni dhambi, huku ni thawabu. Akanipa msasa.

Biblia yangu nayo inagombana vivyo hivyo. Mithali sura ya 28 haimpi matumaini yoyote mtu anayezificha dhambi zake. Waraka wa kwanza wa Petro unausifu upendo kwa sababu unafunika dhambi tele. Zaburi ya 32 ndiyo inayoshangaza zaidi: inaanza kwa kumwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa, na mistari michache mbele mwimbaji huyohuyo anatoa ushuhuda kwamba uovu wake hakuufunika. Mambo mawili yanayopingana, pumzi moja. Katikati yake kuna maelezo ya mtu aliyenyamaza mpaka mifupa ikachakaa, kisha akasema.

Fundi anaisoma zaburi hiyo bila taabu. Methali ya ufa kila mtu anaijua, ila haisemi namna ya kuziba. Ufa mwembamba ukiupitishia puti juu utapasuka palepale, kwa sababu puti haikuingia, imelala tu. Unachukua ncha ya mwiko, unaufungua ufa mpaka uwe mpana, unatoa lipu iliyolegea, unafagia vumbi, unalowanisha, ndipo unajaza. Mwenye nyumba akipita wakati huo hukunja uso. Alikuita uzibe mstari wa unywele, sasa ana mfereji. Zaburi ya 32 ni mtu aliyekubali kufunguliwa ufa, kisha mwingine akamfunika.

Mwingine huyo ndiye muhimu, na Ukristo wa Magharibi uligawanyika kwa sababu yake. Martin Luther alifundisha kwamba Mungu anamhesabia mtu haki isiyo yake mwenyewe, haki ya Kristo, huku mtu huyo ndani bado ni mwenye dhambi. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, wakajibu kwamba kuhesabiwa haki si kusamehewa tu, ni kufanywa upya kwa ndani. Kwa lugha yetu, mmoja anaulizwa mbona unapaka bila kushusha lipu, mwingine anaulizwa utamaliza lini kushusha lipu. Mwaka 1999, huko Augsburg, pande hizo mbili zilitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili. Juu ya jukwaa letu la kupakia dari, ambako Mlutheri ni mimi na Mkatoliki ni msaidizi wangu kutoka Rombo, saini bado.

Nisichokubali ni watu kusema kwamba Luther alimfanya Mungu apake chokaa juu ya uchafu. Mungu wa Luther hadanganyiki na vazi alilomvika mtu. Ameuona ukuta mpaka kwenye tofali kabla ya kuufunika. Hakuna aliyefichwa. Nilipofika hapo nikaona kwamba swali la kumuuliza mtu mwenye brashi si kama anafunika. Muulize nani hajui. Mnunuzi wa nafaka hakujua. Yule mama wa chumba cha uani hakujua, na yeye ndiye aliyekuwa analaza mtoto kando ya ukuta ule.

Hata chokaa tumeionea. Makaburi yaliyopakwa chokaa, katika Mathayo 23, tumeyafanya tusi la wanafiki, na ni kweli Yesu aliwarushia waandishi na Mafarisayo. Ila Mishna inaeleza desturi yenyewe: mwezi wa Adari, wasafiri wa Pasaka wakiwa hawajaanza kupita, makaburi yalitiwa alama kwa chokaa, maana aliyekanyaga kaburi alinajisika. Weupe ule ulikuwa tangazo. Hapa pana mfu, pita kando. Luka, katika sura ya 11, analisimulia neno hilo kwa namna nyingine kabisa: kwake ubaya wa makaburi ni kwamba hayaonekani, watu wanatembea juu yake bila kujua. Nikisoma vitabu hivyo viwili pamoja naona chokaa haina hatia.

Mjini, mwisho wa Barabara ya Boma, upo ukuta mweupe ambao kila mtu wa Arusha anaujua. Boma la Wajerumani, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Yakafuata mashambulizi ya kulipiza kisasi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Na kufikia mwaka 1900 Waarusha na Wameru walikuwa wakijenga ngome hiyo kwa kulazimishwa. Siutakii ukuta ule kushushwa lipu. Upakwe, tena upakwe vizuri. Ninachotaka ni kwamba mtoto wa Akeri anayeletwa na basi la shule kuona wadudu na mafuvu, akiuegemea wakati anasubiri wenzake, awe ameambiwa mawe yake yalibebwa na nani.

Kuna kufunika kusikohitaji ukarabati wowote, na ningependa kukutetea. Mama mmoja mjane kule Poli aliniita mwezi Desemba, nyumba ya zamani, tofali za udongo, ukuta wa sebule umeingia maji na yeye hana fedha ya kuufumua. Nikamwambia rangi ya dukani itamlia hela bure, itazuia ukuta kupumua, kisha itabanduka. Tupige chokaa. Chokaa ina tabia kinyume na rangi: inataka ukuta uliolowanishwa kwanza, inapakwa nyepesi mara kadhaa, inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, unyevu unaipitia, na fangasi hawaipendi kwa ukali wake. Itakuwa nyeupe Krismasi nzima na baadaye madoa yatarudi. Nilimweleza yote hayo, na kwa sababu ya fikra zangu hizi nikaongeza kwamba mimi sipendi kuwaficha wageni ubovu wa ukuta.

"Mgeni wangu ni mwanangu," akasema, "na ukuta huu aliujenga yeye. Kama ni kumficha, labda umfiche uso wake. Koroga chokaa, fundi."

Nikakoroga. Sina shaka yoyote na kazi ile.

Kazi iliyonipa shaka ilikuwa Njiro, nyumba nzuri, yenye ukuta wa jipsamu wa kutenganisha sebule na chumba cha kulia. Jipsamu kwetu watu wameizoea kwenye dari. Ukutani ni ya wenye nyumba za kisasa. Palikuwa na tundu. Mama wa nyumba aliniambia meza ilisukumwa ikagonga. Nikasogea kuangalia: tundu lilikuwa juu ya bega langu, pana kiasi cha ngumi, kingo zimeingia ndani, na kwenye karatasi ya jipsamu palikuwa na alama nne za mviringo. Hakuna meza yenye urefu huo.

Kutengeneza tundu la namna hiyo si kazi ya kubandika. Unakata jipsamu iliyovunjika mpaka upate kingo safi za mraba. Unapitisha ubao mwembamba kwa ndani, unaufunga kwa skrubu kwenye jipsamu nzima pande zote mbili, maana kiraka bila kitu cha kukishika nyuma kitaingia ndani siku ya kwanza mtu akikiegemea. Unakata kipande kinachoingia bila kulazimishwa, unakifunga kwenye ubao, kila kichwa cha skrubu kinazama kidogo bila kuchana karatasi. Tepe ya nyavu kwenye viungo. Kisha unajaza kwa tabaka nyembamba, kila moja pana kuliko iliyotangulia, kila moja ikauke. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Wanajaza mara moja, nene, inasinyaa inapasuka. Msasa mwepesi, barakoa puani, futa vumbi (ningeruhusiwa kuongeza amri ya kumi na moja ingekuwa hiyo), praima, ndipo rangi, na usipake kiraka peke yake: paka ukuta wote toka kona hadi kona, la sivyo jua la jioni litakionyesha.

Nilikuwa na muda wa kufikiri wakati tabaka zinakauka. Kwa kanuni yangu sikuwa na neno. Nani hajui? Waliomo ndani wote wanajua. Lakini hapo ndipo kanuni iliponionyesha upande wake mbovu, kwa sababu wasiojua ndio hasa ambao wangefaa kujua: wazazi wa pande mbili, mshenga wao, wazee wa kanisa. Nikarudi kwenye Zaburi ya 32 nikiwa na msasa mkononi, nikaona kitu ambacho sikukizingatia. Anayefunika pale ndiye aliyekosewa. Mkosaji anasema, aliyekosewa anafunika. Mwenye nyumba wa rangi ya mafuta aliugeuza mpangilio huo: mharibifu ndiye aliyekuwa anajisitiri, kwa gharama ya mwingine. Sitara ni mali ya aliyeumizwa. Akitaka ataitoa, asipotaka hakuna wa kumdai. Na hapa je? Aliyeniita ni mama. Advansi iliingia kwenye simu yangu kwa jina la baba.

Ustadhi angenyamaza akaniachia msasa. Mke wangu yumo katika umoja wa wanawake wa usharika wetu, na ni mtu wa kukaa na jambo bila kulitangaza, lakini kumwambia bila idhini kungekuwa kutoboa ukuta wa mtu kwa upande mwingine. Nilimaliza, nikakusanya turubai, nikamuita mama aje aone. Akapitisha kiganja pale palipokuwa na tundu, mara mbili, akalikosa.

"Mama," nikamwambia, "meza hiyo ikigonga tena, mimi nitakuja kutengeneza. Ila ningeomba mke wangu aje akusalimie. Siyo kwa habari ya ukuta."

Alikaa muda anaangalia rangi.

"Baba wa nyumba anasafiri Ijumaa," akasema. "Aje Jumamosi, aje peke yake."